Mwalimu wa Familia: Duksi, Shule na Wazazi wa Garissa

Kuna hukumu moja ambayo imewaandama wakaazi wa Garissa, Wajir na Mandera tangu enzi za Mwingereza, na hadi leo inarudiwa ofisini, magazetini na hata katika vyumba vya walimu: kwamba mfugaji haoni faida ya elimu, na kwamba mtoto wa Kaskazini Mashariki amebaki nyuma kwa sababu mzazi wake anathamini ngamia kuliko kitabu. Wanaoitoa hawakosi takwimu. Sensa baada ya sensa, kaunti hizi tatu huwa miongoni mwa zile zenye watu wengi zaidi ambao hawajawahi kukanyaga shule. Takwimu hizo ni za kweli, ila maelezo yanayotolewa juu yake ndiyo yenye kasoro. Ukiifuatilia historia ya malezi ya mtoto katika eneo hili, utakuta familia ambazo kwa vizazi na vizazi zimemtafuta mwalimu, zikamlisha, zikamlipa kwa mifugo na zikahama naye kila mvua ilikoelekea. Watu wa namna hiyo hawawezi kuitwa maadui wa elimu. Hoja yangu ni kwamba shule ya serikali ilistawi hapa pale ilipojenga juu ya desturi hiyo, ikadorora pale ilipoikatiza. Na kwamba mzazi wa leo anayetaka kumsaidia mwanawe shuleni tayari ana ujuzi unaohitajika, kwa kuwa anautumia kila siku duksini.

Duksi ni kwa Wasomali kile ambacho chuo cha Kurani ni kwa watu wa Lamu na Mombasa, na mizizi yake ni mirefu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokewa na kadhi na kulazwa katika nyumba ya wanafunzi wa elimu ya dini, ishara kwamba mji ule ulikwisha kuwa na utaratibu wa kuwatunza wasomi. Kutoka Mogadishu na Barawa elimu ilipanda bara pamoja na masheikh wa tarika, mmojawapo akiwa Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909 na ambaye wafuasi wake walienea hadi Zanzibar. Katika kambi ya wafugaji, duksi haikuhitaji jengo. Maalim alikaa chini ya mgunga au ndani ya uzio wa miiba, watoto wakimzunguka, kila mmoja na loho lake, yaani kibao cha mbao kilicholainishwa. Wino ulipatikana kwa makaa yaliyosagwa na kukorogwa kwa maji na utomvu wa mti. Kalamu ilikuwa kijiti kilichochongwa. Mtoto aliisoma aya yake kwa sauti mpaka ikakaa kichwani, na kibao hakikuoshwa ili kipokee aya nyingine kabla maalim hajamsikiliza na kuridhika. Hata irabu za Kiarabu zilifundishwa kwa Kisomali, kwa mbinu ambayo mapokeo huinasibisha na Sheikh Yusuf al-Kawneyn, ili mtoto aanze na asichokijua kwa maneno anayoyajua.

Ratiba yenyewe ilifuata mahitaji ya kambi. Watoto walisoma alfajiri kabla mifugo haijafunguliwa, wakarudi kwa maalim usiku mifugo ikishalala, wakasoma kwa mwanga wa moto. Mtoto aliyepelekwa malishoni hakupoteza masomo yake, na aliyekuwa masomoni hakuinyima familia mikono yake. Maalim alikula chakula kile kile cha familia, akahama nayo, na malipo yake yalitegemea uwezo: mbuzi kwa mwenye mbuzi, ng'ombe au ngamia kwa aliyejaliwa, na zawadi zaidi mtoto akihitimu. Yapo mambo manne hapa yanayofaa kushikwa. Mzazi alimjua mwalimu, tabia na ukoo. Mzazi alimsikia mtoto akisoma, kwa sababu kusoma kwa sauti hakufichiki. Hata asiyejua herufi aliweza kutambua mtoto anayesonga mbele na anayekwama. Malipo ya mwalimu yalikuwa deni la familia, tena deni la heshima. Na masomo yalifanyika mahali na wakati ambapo mtoto alikuwa bado ni mtoto wa watu wake. Huo ndio ushirikiano wa mzazi na mwalimu ambao siku hizi huandaliwa semina ili ufundishwe.

Sasa iweke shule ya kikoloni kando ya mpango huo. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, maarufu kwa jina la NFD, ilifungwa kwa sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za mbali, na sheria nyingine ya mwaka 1934 ikaongeza nguvu za wakuu wa wilaya juu ya maisha ya wafugaji. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Sehemu nyingine za Kenya, shule nyingi zilijengwa na misheni; katika wilaya za Wasomali serikali haikutaka wamisheni kwa kuhofia kuwachokoza Waislamu, lakini haikujaza pengo hilo kwa shule zake. Shule chache za msingi zilizofunguliwa kabla ya uhuru zilihesabika kwa vidole, na shabaha yake ilikuwa kupata makarani, wakalimani na watoto wa machifu waliozoea utawala. Kwa hiyo mzazi wa Garissa alikutana na shule ikiwa mali ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Mwalimu alikuwa mgeni aliyeletwa na serikali, lugha ilikuwa ngeni, na kilichofundishwa hakikusikika nyumbani. Kati ya yale mambo manne, hapakuwa na hata moja lililotimia. Kusita kwa mzazi huyo kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa chuki ya kujifunza.

Uhuru ulipofika, sababu za kusita ziliongezeka. Mnamo Desemba 1963, wiki mbili hivi tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki kwa sababu ya vuguvugu la kujitenga, na vita vya Shifta viliendelea hadi mapatano ya Arusha ya mwaka 1967. Kuanzia mwaka 1966 wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, mifugo ikafa kwa kukosa malisho, na familia nyingi zikaingia ufukara ambao hazijautoka. Wakati huo huo, Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 ulikuwa umeamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe zaidi kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na miundombinu, yaani mbali na hapa. Sheria za hali ya hatari zilibaki hadi mwaka 1991, na katikati ya miaka hiyo yakatokea mauaji ya raia mikononi mwa vikosi vya usalama, ya Bulla Karatasi mjini Garissa mwaka 1980 na ya Wagalla, Wajir, mwaka 1984. Mzazi aliyeijua serikali kwa sura hiyo aliombwa amkabidhi mtoto wake kwa mwalimu wa serikali hiyo hiyo. Haishangazi kwamba mojawapo ya taasisi zilizopata imani ya watu mapema ni Makao ya Watoto Waislamu ya Garissa, yaliyoanzishwa na Chama cha Vijana Waislamu mwishoni mwa miaka ya 1960. Pale yatima alisoma mtaala wa serikali na Kurani chini ya paa moja, na jamaa zake hawakulazimika kuchagua kimoja na kutupa kingine.

Serikali nayo haikukaa kimya kabisa. Mwaka 1971 amri ya rais ilifuta karo ya shule za msingi katika wilaya kame, Kaskazini Mashariki ikiwemo, kabla ya kufutwa kwa karo ya madarasa manne ya kwanza nchini kote. Kisha zikajengwa shule za bweni za gharama nafuu kwa watoto wa wafugaji. Wapangaji waliona tatizo ni umbali na kuhamahama, basi wakaamua mtoto abaki mahali pamoja huku familia ikihama. Matokeo hayakuwa kama walivyotarajia. Mtafiti John Nkinyangi, aliyechunguza sera hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, alionyesha kwamba nafasi za bweni katika maeneo ya wafugaji mara nyingi zilichukuliwa na watoto wa familia zisizo za kifugaji, na kwamba michango ya ujenzi iliyodaiwa mahali pa karo iliwatoa shuleni wengi waliokuwa wameingia. Bweni lilileta kitanda na chakula, lakini lilimkata mtoto kutoka kwa wazazi kwa miezi, likamwondoa mbele ya macho ya mama yake, na likamnyima ujuzi wa kufuga ambao ndio bima ya ukoo mzima. Familia nyingi zilipima faida na hasara, zikaona hasara ni kubwa.

Hapa msomaji makini atapinga: huenda desturi na imani hazina uzito wowote, na kilichowazuia watoto ni umaskini na kuhamahama tu. Ni pingamizi zito, kwa kuwa ukame wa 1984, wa 1991 na 1992, wa 2011 na ule mrefu ulioanza mwisho wa 2020 uliziacha maelfu ya familia mikono mitupu. Lakini umaskini peke yake hauelezi jambo moja: familia zile zile zilizoshindwa kutumia shule isiyo na karo ziliendelea kumlipa maalim. Kuhamahama peke yake hakuelezi pia, maana duksi ilihama nao. Ukweli ni kwamba watu maskini huchagua kwa uangalifu mkubwa zaidi mahali pa kuweka kidogo walicho nacho, nao walikiweka kwa mwalimu waliyemwamini na waliyeweza kumwajibisha. Gharama zina uzito wake, tena mkubwa, ila uzito huo hupungua pale mzazi anapoona kinachoendelea.

Ushahidi wa upande wa pili unatokana na pale shule zilipoisogelea familia. Mpango wa chakula shuleni ulioanza mwaka 1980 kwa ushirikiano wa serikali na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani uliwavuta watoto madarasani hasa nyakati za ukame, kwa kuwa uliibeba sehemu ya mzigo wa mama. Katika miaka ya 1990 na 2000 shule za kuhamahama zilianza Wajir na kufika Garissa: mwalimu mmoja, ubao na vitabu juu ya ngamia, masomo asubuhi mapema na jioni, madarasa ya chini tu, kisha mtoto akikua anahamia shule ya kudumu. Yeyote anayeijua duksi ataitambua sura yake katika mpango huo. Mwaka 2010 wataalamu David Siele, Jeremy Swift na Saverio Krätli walipendekeza elimu ya masafa kwa njia ya redio kwa watoto wa wafugaji wa Kenya, wakisisitiza kwamba mtoto asilazimishwe kuchagua kati ya mifugo na masomo. Ng'ambo ya mpaka, Somalia ilifanya jaribio kubwa zaidi: baada ya kuidhinisha maandishi ya Kilatini mwaka 1972, ilifunga shule za sekondari mwaka 1974 na kuwatuma wanafunzi na walimu kwa maelfu vijijini na malishoni wakawafundishe wafugaji kusoma lugha yao wenyewe. Mwalimu alipomfuata mfugaji, mfugaji alisoma.

Pingamizi lingine linatoka kwa walimu wenyewe, nao wana haki ya kusikilizwa. Wanasema duksi inakaririsha bila kueleza, inatumia bakora, na inamchelewesha mtoto, maana wazazi wengi humpeleka duksi kwanza na kumleta shule akiwa na miaka minane au tisa. Sitetei bakora; Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaikataza shuleni, na hakuna sababu ya mtoto kupigwa duksini. Juu ya kuchelewa, pia wana haki: mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka tisa huona haya, na msichana wa namna hiyo mara nyingi huolewa kabla hajamaliza shule. Lakini dawa ya ucheleweshaji ni kuviweka vyote viwili katika ratiba moja. Bi Swafiya Said alilionyesha hilo mjini Mombasa mwaka 1986, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, alipoanzisha shule za awali zilizounganisha mafunzo ya dini na michezo, hesabu na kusoma. Wazazi ambao hawakuwa wakiipenda shule ya chekechea waliwaleta watoto. Juu ya kukariri, mtoto wa duksi huingia darasani akiwa amezoea kukaa, kusikiliza, kutambua herufi na kusahihishwa. Mwalimu mwerevu huanzia hapo, akamjengea uelewa juu ya kumbukumbu aliyokuja nayo.

Suala la wasichana linahitaji maneno yake. Familia nyingi za wafugaji hugawa watoto: huyu wa mifugo, huyu wa shule, huyu wa kumsaidia mama. Mgawanyo huo ni mkakati wa kujikinga na ukame, kwa sababu mshahara wa mmoja huokoa ukoo mifugo inapokufa. Lakini anayegawiwa nyumba karibu kila mara ni binti. Hapa siwezi kuitetea desturi. Nitasema tu kwamba historia ya elimu ya eneo hili haiungi mkono dhana kwamba elimu ni ya wanaume. Barawa ilimzaa Dada Masiti, mwanachuoni na mshairi aliyefariki mwaka 1919, ambaye tungo zake kwa Chimbalazi, lahaja ya Kiswahili ya mji huo, zimehifadhiwa na watu wake. Na mjini Garissa leo, nani analipa karo? Mara nyingi ni mwanamke anayeuza maziwa ya ngamia au nguo, akiweka kidogo kidogo katika ayuuto, chama cha akina mama cha kupokezana fedha, akipanga zamu yake iangukie mwezi wa kufungua shule. Mama huyo anailipia elimu kwa jasho lake. Kumnyima binti yake nafasi ile ile ni kumdhulumu mama na binti kwa pamoja.

Yaliyotokea katika miaka ya karibuni yameipima hoja hii kwa namna ya kikatili. Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Aprili 2015 watu 148, karibu wote wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, taasisi iliyokuwa fahari changa ya eneo zima. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha mamia ya walimu wasio wenyeji. Shule zilibaki na mwalimu mmoja au bila mwalimu kabisa. Bodi za shule na wazazi wakachanga fedha na kuwaajiri vijana waliomaliza kidato cha nne wawafundishe wadogo zao. Watu wanaodhaniwa kutojali elimu walirudi kwenye desturi ya zamani: mwalimu hayupo, basi familia zimtafute na zimlipe.

Lakini hapo ndipo pingamizi zito kuliko yote linapojitokeza: je, kuwasifu wazazi hakuipi serikali kisingizio cha kukwepa wajibu? Kunaweza, na ndiyo maana lazima jibu liwe wazi. Familia inaweza kumlipa kijana wa kidato cha nne, lakini haiwezi kumgeuza kuwa mwalimu wa kemia. Haiwezi kujenga maabara wala kulinda barabara ya Mandera. Katiba ya mwaka 2010 imeifanya elimu ya msingi kuwa haki ya kila mtoto, na sheria ya 2013 imeanzisha Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wahamaji ili deni hili la tangu 1902 lilipwe. Kuajiri na kusomesha walimu wenyeji, wa kike kwa wa kiume, ni jukumu la serikali, na mchango wa ayuuto hauwezi kushika nafasi ya bajeti. Historia inawaonyesha wazazi kuwa wabia wa kutegemewa. Wabia hao wamekuwa wakisubiri upande wa pili utimize fungu lake.

Kwa mzazi wa Garissa, basi, shauri langu ni moja: uitendee shule kama unavyoitendea duksi. Unamjua maalim wa mwanao kwa jina, unajua anakotoka na anavyoishi. Mjue hivyo hivyo mwalimu wake wa hesabu, na kama ni mgeni kutoka Kitui au Kisii, mfanye mgeni wako, mlinde na umkaribishe. Unamsikiliza mtoto akisoma aya zake jioni. Msikilize pia akisoma kitabu cha Kiswahili au cha Kiingereza, hata kama wewe hukisomi, kwa maana utamtambua anayesoma na anayebabaika. Unalipa ada ya maalim kabla hujadaiwa. Hudhuria na mkutano wa chama cha wazazi kabla hujaitwa mara ya pili, na uulize fedha za shule zimeendaje, kama ambavyo usingekubali maalim apokee mbuzi na kuondoka bila kufundisha. Panga saa za duksi na za shule pamoja na maalim na mwalimu mkuu, ili mtoto aanze darasa la kwanza kwa wakati wake na apate usingizi wa kumtosha. Na binti yako mpe loho, kalamu na muda sawa na kaka yake.